Kugandisha Mboga Ikiwa Mbichi au Ikiwa Imeiva: Ulinganisho kwa Jiko la Mwanza

Anayetaka kujaza friza yake mboga za wiki mbili au tatu kwa siku chache za kazi, ili jioni nyingine zote atie chakula sufuriani na kuwasha umeme tu, hana budi kuamua jambo moja kabla hajashika kikapu kwenda sokoni. Je, atagandisha nyama na viungo vikiwa vibichi, vije kupikwa siku ya kuliwa katika sufuria ya umeme ya kupikia taratibu, au atapika vyote kwa mkupuo na kugandisha vilivyoiva? Nimezifuata njia zote mbili nyumbani kwangu Nyakato kwa muda wa kutosha kuona kila moja inapofaa na inapoaibisha, na baadaye nikahamia kwenye njia ya tatu iliyo katikati ya hizo, ambayo sasa ndiyo ninayoitumia zaidi. Nitazilinganisha njia hizo tatu kwa kupitia mboga zenyewe, kisha nitavigusa vyombo vya kupikia na friza, kwa sababu uamuzi wa njia hauwezi kutenganishwa na hali ya umeme.

Yafaa kwanza kueleza ni nini hasa kinachogandishwa. Maelekezo mengi ya upishi wa namna hii yametoka Marekani, ambako sufuria ya kupikia taratibu ilianza kuuzwa mwaka 1971 kwa jina la Crock-Pot, na ambako mlo mzima, pamoja na viazi au maharage yake, mara nyingi huwa ndani ya chombo kimoja. Sisi hatuli hivyo. Ugali husongwa kwa robo saa, wali hupikwa siku ileile, na hakuna faida kubwa ya kuvigandisha. Kinachotumalizia muda ni mboga, kwa maana pana tunayolipa neno hilo huku kwetu: nyama, kuku, samaki, maharage na majani. Friza ya nyumba ya Mwanza basi ni friza ya mboga, na hilo hupunguza sana nafasi inayohitajika, kwa kuwa pakiti ya kilo moja na nusu ya mboga tupu hutosha watu sita pale ugali ulipo wa kutosha.

Njia ya kwanza nitaiita ya pakiti mbichi. Mpishi anakata nyama, anachanganya na vitunguu, nyanya na viungo, anafunga kila mlo katika mfuko wake na kuugandisha. Siku moja kabla ya kupika anauhamishia kwenye friji uyeyuke, na asubuhi anaumimina sufuriani. Njia ya pili ni ya sufuria kubwa, ambapo mboga huiva kabisa, hupozwa, hugawanywa na kugandishwa, na siku ya kuliwa kazi inayobaki ni kuipasha mpaka ichemke. Njia ya tatu ni ya rojo: vitunguu na nyanya hukaangwa kwa wingi na kugandishwa peke yake, maharage yaliyochemshwa hugandishwa peke yake, nyama mbichi peke yake, na vyote hukutana sufuriani siku ya kupika.

Maharage ndiyo yanayoamua mengi

Naanza na maharage kwa kuwa ndipo pakiti mbichi inaposhindwa vibaya, na kwa kuwa watu wengi huyaweka humo bila kujua madhara yake. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ya jamii ya lektini, ambayo huvunjwa na maji yanayochemka kwelikweli. Sufuria ya kupikia taratibu, ikiwekwa kwenye moto wa chini, inaweza kukaa saa nyingi bila chakula kufikia kuchemka, na joto la namna hiyo si kwamba haliivunji tu sumu hiyo, bali linaweza kuizidisha ukali. Aliyekula maharage hayo hutapika na kuharisha ndani ya saa chache, na aghalabu lawama huangukia maji au mafuta. Kinga yake ni rahisi: yalowekwe saa tano au zaidi, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemshwe katika maji mapya kwa nguvu, juu ya jiko la kawaida. Dakika kumi za kuchemka ndicho kiwango cha chini kinachotajwa; mimi huyapa nusu saa bila kujali kama ni soya, njano au mekundu.

Kuna kasoro ya pili ambayo haihusu usalama. Nyanya, ndimu na ukwaju vina uchachu, na uchachu hukaza ganda la harage ambalo halijalainika. Pakiti yenye maharage mabichi yaliyolowekwa pamoja na nyanya inaweza kukaa sufuriani tangu asubuhi hadi jioni na bado ikatoa maharage yanayoruka chini ya kijiko. Niliwahi kuwapa wageni mboga ya namna hiyo. Walikula kwa heshima.

Tena sisi wa mwambao huu tuna jambo letu la ziada. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mitaa ya Mwanza iliyo juu ya mawe imeinuka zaidi ya hapo, hivyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mtu aliyezoea kupika maharage Dar es Salaam akifika hapa ataona yanachelewa, na wala si maharage mabaya aliyouziwa. Tofauti hiyo ya nyuzi nne huongeza muda juu ya mkaa na juu ya gesi vilevile, na ni sababu mojawapo ya kuipenda sufuria ya presha, ambayo hulipandisha joto la maji kupita kiwango cha kuchemka.

Kwa maharage, kunde, choroko, njugu mawe na makande, kwa hiyo, sioni ushindani wowote. Yapikwe kwanza mpaka yalainike kabisa, yatiwe chumvi, yapozwe, na yagandishwe pamoja na sehemu ya maji yake, kwa sababu maharage yaliyogandishwa makavu hupasuka ngozi na kuwa unga yanapopashwa. Kilo moja ya maharage makavu huzaa zaidi ya kilo mbili yakiiva, yaani milo mitatu au minne ya familia ya wastani. Faida nyingine ni kwamba donge la maharage yaliyoiva halihitaji kuyeyushwa jana yake. Huingia sufuriani likiwa jiwe, pamoja na maji kidogo, na baada ya robo saa ya moto wa kutosha mboga iko mezani.

Nyama na kuku

Hapa mizani hugeuka. Ng'ombe wengi wanaochinjwa kwetu wamefugwa Usukumani na mikoa ya jirani, wamekula majani na kutembea sana kutafuta maji, na nyama yao ya mguu na ya shingo ina mishipa inayotaka muda mrefu na moto mdogo ili iyeyuke na kuwa ule ute unaoupa mchuzi uzito. Sufuria ya kupikia taratibu imeumbwa kwa kazi hiyohiyo. Kilo moja ya nyama iliyokatwa vipande vya saizi ya kiberiti, vitunguu viwili, nyanya mbili, tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na robo kikombe tu cha maji, ikipewa saa saba au nane kwenye moto wa chini, hutoa nyama inayokatika kwa kijiko. Nasisitiza maji kidogo kwa kuwa mfuniko wa sufuria hii hauruhusu mvuke mwingi kutoka, na anayepima maji kwa mazoea ya jiko la mkaa atapata supu badala ya mchuzi.

Kuku hutaka uangalifu wa aina yake. Kuku wa kienyeji, hasa jogoo aliyekomaa, hustahimili saa nane na kushukuru. Kuku wa kisasa wa wiki tano au sita akipewa muda huohuo huachana na mifupa yake na kubaki nyuzinyuzi, kwa hiyo saa nne zinamtosha, na pakiti yake iandikwe hivyo waziwazi ili anayepika asikisie.

Sharti moja la pakiti mbichi halina mjadala: nyama lazima iwe imeyeyuka kabla ya kuingia sufuriani. Donge lililoganda likiwekwa kwenye moto wa chini huchukua saa nyingi kupita katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60, ambamo vijidudu huzaliana kwa kasi, na chungu cha udongo cha sufuria hiyo nacho kinaweza kupasuka kwa kukutanishwa ghafla na barafu kikiwa cha moto. Kuyeyusha kufanyike ndani ya friji kwa siku nzima, pakiti ikiwa juu ya sahani, wala isiwekwe juu ya kabati la jikoni ambako nyuzi 28 za mchana wa Mwanza huifanya sehemu ya nje iharibike wakati katikati bado ni barafu. Maana yake ni kwamba pakiti mbichi humtaka mpishi ajue leo atakachokula kesho. Wapo wanaoweza hilo. Mimi si mmoja wao kila wiki.

Kasoro nyingine ya pakiti mbichi ni ya ladha, na kwa mlaji wa Kitanzania si ndogo. Mchuzi wetu huanza na kitunguu kinachokaangwa mpaka kibadilike rangi, nyanya ikakaangwa juu yake mpaka mafuta yajitenge. Kitunguu kilichoingia kikiwa kibichi katika sufuria ya moto mdogo hulainika tu, hakikaangiki, na mchuzi wake huwa na ule ubichi wa mbali ambao mama mkwe yeyote atautambua kabla hajamaliza tonge la kwanza.

Makongoro na utumbo naviweka upande wa kupika kwanza. Mifupa ya makongoro hutoboa mifuko, povu lake linahitaji kuenguliwa mwanzoni, na ujazo wake ni mkubwa mno kwa friza ya nyumbani. Yakipikwa mpaka nyama iachie mfupa, mifupa ikatolewa na supu ikachemshwa ipungue, sufuria nzima hubaki pakiti nne bapa.

Samaki na vitu vingine visivyopenda safari hii

Kwa samaki jibu ni fupi. Sato na sangara huiva kwa dakika ishirini, hivyo hakuna muda wowote unaookolewa kwa kuwaweka katika sufuria ya saa nane. Mama mmoja anayeniuzia samaki Igombe nilipomweleza nia yangu alinitazama kwa huruma akasema, "Dada yangu, huyo utamnywa kwa kikombe." Wagandishe minofu ya sangara au vipande vya sato wakiwa wabichi, wamesafishwa na kukaushwa maji, bila viungo, nao watumbukizwe katika mchuzi ulio tayari dakika za mwisho. Vichwa na mifupa ya sangara vinaweza kuchemshwa na supu yake kugandishwa, nayo ni msingi mzuri wa mchuzi huo. Dagaa wakavu na kayabo, yaani sangara wa chumvi waliokaushwa, kutoka soko la Mwaloni Kirumba havihitaji friza hata kidogo. Kuviweka humo ni kulipia umeme wa kutunza kitu ambacho jua limekwisha kukitunza.

Viazi mviringo vibichi hugeuka vyeusi na chengachenga vikigandishwa, na ndizi za Bukoba zinazotuletewa kwa meli hufanya vivyo hivyo, isipokuwa zikichemshwa nusu kuiva kwanza zikiwa na ndimu kidogo. Tui la nazi hukatika. Mchicha na majani ya maboga hubadilika kuwa ute ukiyapika saa nyingi, kwa hiyo yaingie mwishoni. Karanga zilizosagwa hazina tatizo la kugandishwa, ila hushika chini ya sufuria zikipikwa muda mrefu, nami huziongeza nusu saa kabla ya kupakua.

Njia ya rojo

Nilifika kwenye njia hii kwa sababu ya kitunguu. Baada ya kuona kwamba upungufu wa pakiti mbichi ni ukosefu wa kukaanga, na upungufu wa kugandisha mboga iliyoiva ni kwamba nyama iliyopikwa ikigandishwa na kupashwa tena hukakamaa kidogo na kila pakiti kuwa na ladha moja, niliamua kukaanga kile tu kinachohitaji kukaangwa. Mara moja kwa mwezi, nyanya zinapokuwa nyingi na muuzaji yuko tayari kupunguza bei ya tenga lenye zilizoiva mno, huchukua kilo sita za nyanya na kilo tatu za vitunguu. Vitunguu hukaangwa polepole mpaka viwe rangi ya kahawia, kitunguu saumu na tangawizi hufuata, kisha nyanya zilizosagwa, karoti iliyokwaruzwa na hoho, na vyote huachwa motoni bila mfuniko mpaka vipungue kukaribia nusu na mafuta yaanze kuelea. Chumvi naitia kidogo sana, kwa kuwa sijui rojo hilo litakutana na nini.

Hupatikana pakiti nane hadi kumi, kila moja ikiwa ujazo wa kikombe kimoja na nusu, nazo hukaa friza miezi miwili au mitatu bila kupoteza ladha ya maana. Pakiti moja juu ya kilo ya nyama iliyoyeyushwa ni mchuzi wa saa nane wenye ladha ya kukaangwa. Pakiti hiyohiyo juu ya donge la maharage ni mboga ya dakika ishirini, na juu ya minofu ya sangara ni chakula cha mgeni aliyepiga simu akiwa tayari kwenye daladala. Uhuru huo wa kuamua saa kumi na moja jioni ndio unaonifanya niipe njia hii nafasi ya kwanza, ingawa nakiri kwamba siku ya kulitengeneza jikoni hapakaliki kwa moshi wa vitunguu, na kwamba mtu asiyependa kuchanganya vitu siku ya kupika ataiona ni kazi nusu isiyokwisha.

Sufuria ipi, na uniti ngapi

Watu hudhani kwamba sufuria ya kupikia taratibu, kwa kuwa ina moto mdogo, hula umeme mdogo kuliko zote. Hesabu haiungi mkono dhana hiyo. Sufuria ya lita sita kwenye moto wa chini huvuta takriban wati 180, na kwa saa nane hiyo ni karibu uniti moja na nusu ya Luku. Kwa bei ya kawaida ya shilingi 292 kwa uniti, ambayo pamoja na kodi na tozo hufika kama 356, mboga moja inagharimu shilingi 500 na ushei. Sufuria ya presha ya umeme imeandikwa wati 1,000, lakini baada ya kupata presha huwaka na kuzima yenyewe, na nyama ileile huiva ndani ya saa moja kwa nusu uniti hivi. Kwa upande wa gharama na muda, presha inashinda, na kwa maharage inashinda mara mbili kwa sababu ya kimo chetu niliyoitaja.

Sufuria ya taratibu inabaki na faida mbili za kweli. Haihitaji mtu wa kuiangalia, na nyama inayoiva kwa moto mdogo hubaki na umbo lake na mchuzi wake kuwa mtulivu, jambo ambalo presha hulikosa hasa kwa kuku. Anayeimiliki tayari asiitupe. Anayenunua cha kwanza, ushauri wangu ni anunue presha, akichagua ile iliyo na kitufe cha kupika taratibu ikiwa bei inamruhusu.

Wasio na kifaa chochote kati ya hivyo wanaweza kupata sehemu kubwa ya faida hiyo kwa kapu la joto: sufuria nzito yenye mboga inayochemka hutolewa kwenye mkaa au gesi baada ya dakika ishirini, hufungwa mfuniko na kuzamishwa ndani ya kapu lililojazwa mablanketi au mito, na kuendelea kuiva kwa joto lake lenyewe kwa saa tatu au nne. Lazima ichemshwe tena kabla ya kuliwa. Kwa mboga za kugandisha kwa wingi kapu hili linafaa njia ya sufuria kubwa peke yake.

Friza, na siku umeme unapokatika

Friza nyingi za nyumbani hushindwa kwa sababu ya haraka ya mwenyewe. Friza ya lita 100 isipewe zaidi ya kilo nne au tano za chakula kisichoganda kwa siku moja, la sivyo joto la ndani hupanda, vilivyoganda huanza kulainika, na vipya huganda polepole kwa chembe kubwa za barafu zinazochana nyama na kuifanya iwe kavu. Hivyo ile picha ya mtu anayetengeneza pakiti ishirini Jumamosi moja inahitaji friza kubwa kuliko tulizonazo wengi. Pakiti tatu kwa siku, kwa siku nne mfululizo, ndiyo kasi ya kweli. Mboga iliyoiva ipozwe kwanza kwa kuizamisha sufuria ndani ya beseni la maji baridi na kukoroga, iingie friji ndani ya saa mbili, kisha ndipo iende friza. Pakiti zote zilazwe bapa kama daftari, kwa kuwa bapa huganda haraka, huyeyuka haraka na hupangika wima.

Kuhusu mifuko, ile laini ya rambo iliyopigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 haikuwahi kufaa kazi hii hata ilipokuwepo. Mifuko minene yenye zipu ni mizuri kwa pakiti mbichi, na ndoo tupu za aiskrimu au siagi zinatosha kabisa kwa maharage na supu, mradi uache nafasi ya vidole viwili juu, kwani maji hutanuka yakiganda. Kila pakiti iandikwe jina, tarehe, na neno moja kati ya mawili: MBICHI au IMEIVA. Neno hilo limeniokoa zaidi ya tarehe.

Umeme ukikatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu tu, kwa takriban saa 24. Nilisafiri kwenda Ukerewe siku nne, nikarudi nikakuta friza inanguruma na kila kitu kimeganda vizuri kama nilivyokiacha, isipokuwa pakiti zote zilikuwa zimeshikamana na kuinama upande mmoja, ishara kwamba ziliyeyuka na kuganda tena nisipokuwepo. Nilizitupa kumi na moja. Tangu siku hiyo huweka humo kikombe cha maji yaliyoganda chenye sarafu juu ya barafu. Nikirudi nikaikuta sarafu imezama chini, najua kilichotokea bila kusubiri tumbo liniambie. Katika jambo hili mboga iliyoiva na mbichi hazitofautiani sana, lakini katika sufuria zinatofautiana: umeme ukikatika saa nne asubuhi ukarudi saa nane, na nyumbani hakuna mtu, nyama mbichi iliyokuwa imeanza kupata uvuguvugu katika sufuria ya taratibu imekaa katika hatari saa zote hizo, na jioni itaonekana imeiva vizuri. Hakuna dalili itakayokushtua.

Friza yenyewe nayo inahesabika. Ndogo ya sanduku hula karibu uniti moja kwa siku, yaani kama 30 kwa mwezi. Kwa nyumba iliyo katika kundi la matumizi madogo, linalolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na kuishia uniti 75 kwa mwezi, ongezeko hilo pamoja na kupikia umeme linaweza kuivusha mpaka huo, na zinazozidi hapo huuzwa 350. Afadhali kuisoma mita kwa mwezi mmoja kabla ya kununua friza kuliko baada.

Nani achague ipi

Nyumba ambayo mchana haikosi mtu mzima, bibi au dada wa kazi anayeweza kuona kwamba taa imezimika na kuihamishia nyama kwenye gesi, inaweza kufuata njia ya pakiti mbichi kwa nyama na kuku bila wasiwasi, ikichemsha maharage yake pembeni. Wanaotoka wote saa kumi na mbili asubuhi kwenda kazini Buzuruga au katikati ya mji na kurudi jioni wapike kwanza, au watumie rojo na presha wakirudi. Saa moja ya presha jioni ni salama kuliko saa nane za sufuria isiyo na mlinzi. Anayeishi chumba kimoja na friji ndogo ya mlango mmoja ajue kwamba kile kisanduku cha barafu kilichomo mara nyingi hakifiki nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hiyo asitegemee kutunza kitu zaidi ya wiki moja au mbili. Rojo pakiti tatu na maharage pakiti tatu ndiyo mzigo wake, na nyama ainunue siku ya kuipika.

Kwa atakayeamua kununua sufuria ya kupikia taratibu baada ya yote haya, ageuze chini yake na kusoma maandishi kabla ya kutoa fedha. Zile zilizotumika Marekani, ambazo ndugu hutuletea au hukutwa kwenye mitumba, huandikwa volti 120, nazo zikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 huungua kabla vitunguu havijapata joto.